Nati Iliyobeba Madaraja Mawili



Jioni ya tarehe 17 Julai 1981, ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, ulifurika watu waliokuja kucheza dansi. Madaraja mawili ya waenda kwa miguu yaliyoning'inia juu ya ukumbi, moja juu ya jingine, yaliporomoka. Watu 114 walikufa.

Ni rahisi kuulaumu umati. Wachunguzi wa Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani hawakukimbilia huko. Waliangalia video iliyorekodiwa ukumbini jioni ile, wakakadiria idadi ya waliosimama juu ya madaraja. Walipima uzito wa mabaki. Kisha walitengeneza viungio vya mfano, wakavibebesha mzigo maabarani hadi vikashindwa. Umati haukuwa mzito kupita kiasi. Sheria za ujenzi zilitaka madaraja yahimili mzigo mkubwa zaidi ya ule.

Kosa lilikuwa kwenye viungio. Katika mchoro wa awali, fito ndefu za chuma zilishuka kutoka darini, zikapenya boriti za daraja la juu na kufika la chini bila kukatika. Baadaye kila ufito ukagawanywa kuwa fito mbili, na daraja la chini likaning'inizwa kwenye boriti za lile la juu. Nati iliyopaswa kubeba daraja moja ikajikuta inabeba mawili. Boriti zikafunguka kwenye mshono uliolehemiwa, nati zikapenya. Na linalosikitisha zaidi, hata mchoro wa awali ulifikia takriban asilimia 60 tu ya nguvu iliyotakiwa.

Hapo uchunguzi ukatoka kwenye chuma ukaingia kwenye makaratasi. Michoro ya karakana ilikuwa na muhuri wa ofisi ya wahandisi, lakini kiungio kipya hakikuwa kimepigiwa hesabu. Wahandisi wawili walinyang'anywa leseni katika jimbo la Missouri.

Dar es Salaam inaujua uchungu huo. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka, likaua watu 36. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Katika ajali za namna hii wachunguzi hukata sampuli za zege na kuzivunja maabarani, hupima unene wa nondo na nafasi kati yake, hukagua udongo chini ya msingi. Lakini faili la kibali nalo ni ushahidi.

Miongoni mwa wahitimu wa uhandisi wa leo wapo watakaoletewa mchoro uliobadilishwa, fundi akisubiri muhuri mlangoni ili kazi ya kesho isisimame. Fundi huyo asubiri. Hesabu ya kiungio ifanywe upya, yote, na jina la aliyeifanya liandikwe.