Waya Sahihi kwa Gari la Kambi

Leo kipindi kinaangalia nyaya za umeme ndani ya magari ya kambi, yale yenye kitanda, taa na friji, ambayo wasafiri huyatumia kuzuru hifadhi kama Serengeti na Maasai Mara.

Friji ya wati 60 inayotumia umeme wa nyumbani wa volti 230 huvuta takribani robo ya ampea. Kwenye betri ya volti 12, friji yenye nguvu hiyohiyo huvuta ampea 5. Mkondo unapokuwa mkubwa, waya mwembamba hupoteza volti nyingi njiani na hupata joto.

Tupige hesabu. Friji ikiwa mita 6 kutoka kwenye betri, umeme husafiri mita 12, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 utapoteza volti 0.7 hivi, wa milimita za mraba 4, robo ya volti tu. Betri inapopungua chaji, tofauti hiyo yaweza kuizima friji na nyama ikaharibika.

Unene pekee hautoshi. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu haufai, kwani mtikisiko wa barabara za vumbi huuchosha hadi ukakatika. Bora ni shaba ya nyuzi nyingi nyembamba, inayopindika kwa urahisi.

Fyuzi ifungwe karibu na betri, na kiwango chake kisizidi uwezo wa waya. Palipo na tundu la bati, waya uvalishwe mpira: ganda likichubuka na shaba ikagusa bodi, moto unaweza kuzuka.