Kiwiko Kinachouma: Mkwezi wa Mnazi na Mkuna Nazi

Leo tunazungumza juu ya maumivu ya kiwiko. Hapa Galu, na kutoka Ukunda hadi Msambweni, baba akishindwa kukwea mnazi au mama akishindwa kukamua nguo, riziki ya nyumba husimama. Wengi husema ni baridi yabisi. Mara nyingi siyo.

Misuli inayoendesha vidole na kiganja iko kati ya kiwiko na kiganja. Imeshikizwa kwenye mfupa wa kiwiko kwa kano, ambazo ni ngumu kama kamba. Kano za upande wa nje ni za misuli inayoinua kiganja. Za upande wa ndani ni za misuli inayokunja vidole. Kano ikivutwa mara nyingi kupita nguvu zake, nyuzi zake huchakaa na kuchanika kidogo kidogo. Tena kano haipati damu nyingi kama msuli, kwa hiyo hupona polepole.

Ni nani huumia? Wa kwanza ni mkwezi na mgema. Hupanda mti baada ya mti, vidole vimekaza shina, kisha akifika juu hushika panga. Yeye huumia zaidi upande wa ndani, sawa na wanaopanda miamba kule Hell's Gate, Naivasha.

Wa pili ni wewe mama. Kukuna nazi kwenye mbuzi, kukamua nguo, kuvuta ndoo kisimani na kushona makuti ni kazi za kushika kwa nguvu. Ukifumba ngumi, misuli ya nje nayo hukaza ili kiganja kisilegee. Ndiyo maana mama huumia zaidi upande wa nje. Wazungu waliuita ugonjwa huu kiwiko cha mcheza tenisi, lakini daktari wa Kijerumani, Runge, aliueleza mwaka 1873 kwa watu wa kazi ya kuandika. Basi si ugonjwa wa mchezo. Ni wa kazi ya kurudia-rudia, na huwapata zaidi watu wa miaka 35 hadi 55. Hatari huzidi kazi inapoongezeka ghafla, kama vile nazi nyingi za harusi kwa siku moja.

Je, ufanye nini? Punguza kazi inayouma, lakini usiufunge mkono ukakaa bure, maana kano isiyofanya kazi hudhoofika. Gawanyeni nazi, badilisha mkono, na nguo nzito zikamuliwe na watu wawili. Inua mzigo kiganja kikitazama juu.

Fanya na zoezi hili. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kikining'inia ukingoni. Shika chupa ya nusu lita yenye maji. Inua kiganja kwa msaada wa mkono wa pili, kisha ukishushe polepole peke yake. Fanya mara 10, upumzike, urudie hadi zitimie duru 3 kila siku. Anayeumia upande wa ndani ageuze kiganja kitazame juu. Maumivu kidogo si kitu; yakizidi, punguza maji. Vumilia wiki 6 hadi 12. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila kupasuliwa.

Tahadhari na dawa za dukani. Diklofenaki na ibuprofeni zikinywewa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Mama mjamzito asizitumie bila kuandikiwa na daktari. Na sindano ya steroidi kiwikoni? Hutuliza haraka, lakini utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa baada ya mwaka waliochomwa walikuwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa.

Sasa watoto. Mtoto wa chini ya miaka 5 haugui ugonjwa huu wa kazi. Lakini ukimvuta au kumwinua kwa mkono mmoja, mfupa wa kiwiko huweza kuteguka. Mwinue kwa kumshika makwapani. Akikataa kuutumia mkono, usimkande; mpeleke kituo cha afya.

Nenda hospitali upesi pia ukiona kiwiko kimevimba na kina joto, homa, ganzi kwenye kidole kidogo, mkono usionyooka, au maumivu baada ya kuanguka mnazini. Yakiendelea wiki 6 licha ya zoezi, omba kuonana na mtaalamu wa viungo.

Mama, usingoje mpaka ushindwe kushika kikombe. Mwambie na mkwezi wa nyumbani kwako. Hadi juma lijalo, nakutakia afya njema.