Spana Pekee Haitoshi Tena

Wazazi, vijana na mafundi wa kaunti hii,

Kijana anayemaliza kozi ya pikipiki leo huenda akaletewa bodaboda isiyo na karibureta, plagi wala mafuta ya injini. Bodaboda ya umeme ina betri, mota na kisanduku cha kudhibiti nguvu. Spana itamfungulia boliti tu. Kujua hitilafu iko wapi kunataka mita ya umeme na mtu anayeweza kuisoma. Aliyefundishwa kwa injini kuukuu iliyofungwa mezani hatakuwa na la kumwambia mteja.

Wajibu wa kurekebisha hali hii ni wa kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Vyuo hivyo vilianza miaka ya 1960 kwa juhudi za makanisa, kwa ajili ya watoto waliomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi ya sekondari. Nia ilikuwa wafunzwe kazi inayohitajika palepale kijijini, na nia hiyo haijazeeka. Kilichozeeka ni vifaa na, mahali pengine (lisemwe wazi), mwalimu ambaye hajarudi gereji tangu aajiriwe. Mashine mpya ikinunuliwa bila mwalimu kupelekwa kujifunza, itaishia kufunikwa turubai.

Kuna pia fundi wa jua kali. Amechomelea milango miaka ishirini, na vijana wengi wamepitia mikononi mwake. Kampuni ikidai cheti, yeye hubaki nje ya geti huku aliyekuwa mwanafunzi wake akiingia. Huyu hana haja ya kuanza darasa upya. Upo utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: fundi huonyesha kazi yake, hupimwa kwa anachokijua, na akifaulu hupewa cheti. NITA nayo hutoa mitihani ya mafundi, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza.

Mzazi naye, kabla ya kulipa karo, aulize mambo mawili. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2013? Na mwanafunzi atashika vifaa siku ngapi kwa wiki? Swali la pili lijibiwe ndani ya karakana, mzazi akiona kwa macho yake, wala si ofisini.