Kazi ya Usafi Nyumbani Mwenu

Kazi ya kusafisha nyumba na ofisi za watu haitaki mtaji mkubwa: ndoo, ufagio, matambara, sabuni, buti. Shida ni malipo. Familia moja niliyoitembelea ilikosana na kijana wao. Alisugua vyoo miezi mitatu bila hata nauli, ati ni kazi ya nyumbani. Akaenda zake, na kazi ikalala.

Kwa hivyo, kabla hujataja bei, hesabu sabuni, nauli, na mshahara wa kila anayeshika ufagio, hata kama ni mwanao. Pesa ya sabuni itolewe kabla ya ile ya unga.

Halafu jameni, Jik isichanganywe na asidi ya choo! Hutoa gesi ya klorini, nayo huchoma mapafu.