Mboga za Majani na Dawa ya Septrin

(Mazungumzo ya mfamasia na wananchi waliohudhuria kliniki)



Hivi karibuni mama mmoja alifika dirishani kwangu kuchukua dawa yake ya mwezi. Yeye hunywa Septrin kila siku, kwa ushauri wa kliniki, ili kujikinga na maradhi nyemelezi. Nilimwona amedhoofu, nikamuuliza anakula nini. Akanijibu kwamba tangu aanze dawa hii hajaonja mchicha wala matembele, kwa kuwa jirani alimwambia kuwa mboga za majani hukata nguvu ya dawa. Kwake mboga ndiyo kitoweo. Alipoiacha, alibaki na ugali na chai ya rangi. Ni kwa ajili yake, na wengine walioambiwa hivyo, kwamba nimeomba kuzungumza nanyi leo.

Septrin, ambayo jina lake la kitaalamu ni kotrimoksazoli, ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Kidonge cha kawaida kina miligramu 400 za salfamethoksazoli na miligramu 80 za trimethoprimu. Zote mbili humshambulia bakteria mahali pamoja: humzuia kujitengenezea foleti, vitamini ya kundi B ambayo bila hiyo hawezi kukua wala kuzaliana.

Hapa ndipo hofu ilipozaliwa. Foleti hupatikana kwa wingi katika mboga za majani. Hata jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, na mwaka 1941 wataalamu wa Marekani waliichuja kutoka kwenye spinachi. Basi mtu hujiuliza: nikila mchicha, je, simlishi yule yule ambaye dawa inamnyima chakula?

Jibu ni kwamba humlishi. Bakteria walio wengi hawana njia ya kuingiza foleti iliyokwisha kutengenezwa. Ni lazima waiunde wenyewe ndani ya miili yao. Sisi binadamu ni kinyume chao: hatuwezi kuiunda, bali huipata katika chakula. Tofauti hiyo ndiyo inayoiwezesha dawa kumdhuru bakteria na kumwacha mgonjwa salama. Mchicha ulio katika sahani yako ni chakula chako wewe, si chake. Na anayemeza dawa hii kwa muda mrefu anaihitaji foleti hiyo zaidi, kwa maana upungufu wake huleta upungufu wa damu.

Kwa hiyo kuleni mchicha, matembele, majani ya maboga na majani ya kunde. Foleti hupotea kwa moto mwingi na hubaki katika maji ya kuchemshia. Pikeni kwa muda mfupi, na msimwage mchuzi. Kisamvu pekee kisiharakishwe: kitwangwe na kichemshwe vya kutosha, kwa sababu kikiwa kibichi kina sumu.

Pengine katazo hili lilitoka kwa dawa nyingine. Doksisaiklini na siprofloksasini hushikana na madini, zikashindwa kuingia mwilini vema. Dawa hizo zisimezwe pamoja na maziwa, vidonge vya kuongeza damu, au dawa za kupunguza asidi tumboni. Masharti ya dawa moja yasihamishiwe kwa nyingine. Kila unapopewa dawa, uliza masharti yake.

Hata hivyo, wapo wanaopaswa kuzungumza na daktari kabla ya kutumia Septrin. Wa kwanza ni wenye maradhi ya figo, na wanaotumia dawa za shinikizo la damu kama enalaprili, losartani au spironolaktoni. Trimethoprimu huweza kuzidisha potasiamu katika damu, na mboga nyingi zina madini hayo. Daktari ndiye atakayepima na kuwaelekeza kiasi cha kula. Wa pili ni wanaotumia warfarini, kwa kuwa Septrin huzidisha nguvu yake na damu huweza kutoka kwa wingi. Hao wasizidishe wala wasipunguze mboga ghafla. Wa tatu ni wajawazito: wamweleze mhudumu dawa zote wanazotumia, pamoja na vidonge vya asidi ya foliki.

Vilevile, aliyewahi kudhurika kwa dawa za salfa asiimeze kabisa. Ukiona vipele mwilini, malengelenge mdomoni au macho kuwa mekundu, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kunywa maji ya kutosha. Usimgawie jirani kidonge chako, wala usikimeze kwa mafua, maana mafua husababishwa na virusi na dawa hii haiwagusi.

Kinachoidhoofisha dawa hii kwetu si mboga. Ni kuikatiza kabla ya siku zilizoandikwa, kuruka dozi, na kuinunua bila kupimwa. Hivyo ndivyo bakteria wanavyozoea dawa hadi isiwafae tena wagonjwa.

Mama yule aliondoka na dawa yake, akapitia sokoni. Nawaomba nanyi, mkisikia katazo la chakula, mtuulize sisi dirishani kabla ya kuiondoa mboga mezani.