Mkono wa Nyuma wa Pikipiki: Kabla ya Kuchomelea, Tupime

(Mazungumzo mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo ya vijana)

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya kipande kimoja tu cha chuma. Msicheke. Kipande hicho kimeshaleta hasara katika kikundi kimoja tunachokifahamu, na sisi wenyewe tulihusika.

Ukichuchumaa kando ya pikipiki utaona vyuma viwili vinavyotoka nyuma ya injini mpaka kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Mbele vimeshikwa na bolti moja ndefu, nyuma vinashika gurudumu, na springi zinavikalia juu. Huo ndio mkono wa nyuma. Mafundi wengine huuita swingamu. Barabara ikiwa mbaya, mkono hupanda na kushuka. Mzigo wote wa nyuma, pamoja na abiria, unategemea chuma hicho. Wenye pikipiki za magurudumu manne za shambani, nyingi zina mkono kama huo, ila wao mkono mmoja hubeba ekseli nzima na magurudumu yote mawili.

Yaliyotokea

Kikundi cha vijana kutoka upande wa milimani kilinunua pikipiki ya mitumba ili kupeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea. Walifunga mitungi miwili nyuma, karibu kilo 90 kwa jumla. Kwenye mlima gurudumu la mbele likawa linainuka, usukani unakuwa mwepesi, dereva hana la kufanya. Mzigo ulikuwa unaning'inia nyuma ya ekseli, nao ukawa unainua mbele kama watoto wanavyoinuana kwenye ubao wa kubembea.

Basi vijana wakaamua kurefusha mkono. Walikata ule wa zamani, wakaunga kipande cha paipu ya maji, wakapaka rangi nyeusi. Ukiutazama ulipendeza kweli. Kikundi cha akina mama kiliwakopesha pesa, na sisi wa ofisi ya maendeleo tuliweka sahihi. Tulisoma bei. Hatukuuliza swali hata moja juu ya chuma.

Wiki ya tatu mkono ulikatika kwenye mteremko. Kijana alivunjika mtulinga. Maziwa ya nyumba nyingi yakamwagika asubuhi ile, na akina mama wakabaki na deni. Tunamshukuru Mungu kwamba nyuma hapakuwa na abiria.

Kwa nini ulikatika?

Tulikaa na fundi mmoja mzee wa jua kali, akatuonyesha kwa kijiti na vidole vyake. Sikilizeni hesabu hii, si ngumu.

Tuseme mkono una urefu wa sm 50 kutoka kwenye bolti ya mbele mpaka ekseli, na springi zimekaa sm 40 kutoka kwenye bolti hiyo. Gurudumu likisukumwa na uzito wa kilo 100, springi zinabeba kama kilo 125. Sasa ongeza sm 10, springi zibaki pale pale. Uzito ule ule unazifanya zibebe kilo 150. Tena pale springi zinapoukalia mkono, nguvu ya kuukunja inakuwa mara mbili, kwa sababu sehemu inayobaki nyuma ya springi ilikuwa sm 10, sasa ni sm 20. Ni kama kubeba ndoo kwenye ncha ya fimbo. Ukishika karibu na ndoo unaweza, ukishika mbali mkono unatetemeka.

Na vijana wetu waliunga paipu yao wapi? Hapo hapo nyuma ya springi! Mahali panapovutwa kuliko pote ndipo walipoweka kiungo.

Jinsi kazi ilivyorudiwa

Kwanza walijiuliza kama kurefusha kunahitajika. Walishusha mitungi ikaning'inia kando, chini na mbele kidogo. Hilo peke yake lilipunguza shida sana, na halikugharimu ila keria mpya. Tunawashauri wote muanzie hapo.

Lakini mlima wao ni mkali, wakaamua kujenga mkono mpya kabisa. Tunataja hatua kwa hatua ili mnaotaka kufanya mjue:

1. Chuma. Hawakuunga tena. Walinunua chuma kipya cha pembe nne chenye uwazi ndani, unene wa mm 3, na kila upande ukawa chuma kimoja bila kiungo kutoka mbele mpaka ekseli. Paipu ya maji iliyopakwa zinki si ya kazi hii. Zinki huharibu mchomeleo, na moshi wake humletea fundi homa na baridi jioni ya siku ile.

2. Kitanda cha kupimia. Walifunga vyuma vizito juu ya meza, bolti ya mbele na ekseli zikakaa sambamba na kukazwa zisisogee. Kisha walipima mshazari, kutoka kulia mbele mpaka kushoto nyuma, na kutoka kushoto mbele mpaka kulia nyuma. Vipimo viwili lazima vilingane. Visipolingana, gurudumu litaenda upande na cheni itakula meno.

3. Kuchomelea. Ondoa kwanza bushi za mpira au plastiki, maana moto utaziyeyusha. Vijiti vya kuchomelea viwe vikavu, vilivyolowa huacha matundu ndani. Shika kwa nukta ndogo ndogo, pima tena, halafu chomelea kidogo upande huu na kidogo upande ule. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, chuma kitapinda. Na usisage mchomeleo kwa grainda ili uonekane laini. Unapunguza nguvu kwa ajili ya uzuri.

4. Breki na cheni. Breki ya ngoma ina fimbo inayoizuia isizunguke pamoja na gurudumu. Gurudumu likirudi nyuma, fimbo hiyo nayo irefushwe na ishikwe imara, pamoja na ile ya kuvuta breki. Wengi husahau. Cheni hupita juu na chini, kwa hiyo sm 10 za mkono ni sm 20 za cheni. Kwa cheni yenye viungo vya mm 12.7, hivyo ni viungo 16 hivi. Nunua cheni ndefu, usiunge vipande vya zamani na vipya.

5. Springi. Waliweka zilizo ngumu zaidi, kwa sababu ya ile hesabu tuliyoifanya.

Kutafuta ufa

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kupaka rangi, fundi mzee alitufundisha njia ya nyumbani. Sugua mchomeleo kwa brashi ya waya. Paka mafuta ya taa, subiri nusu saa, pangusa mpaka pakauke kabisa. Halafu paka chaki iliyosagwa. Kama kuna ufa, mafuta ya taa yaliyojificha yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Njia hii huonyesha nyufa za juu tu, si makosa ya ndani. Lakini kwa mkono wa kwanza ilionyesha mstari mmoja, na hapo kazi ikavunjwa na kurudiwa. Vijana walinuna. Akina mama hawakununa.

Baadaye wakafunga magunia ya mchanga, kilo 30, kisha 60, kisha 90, wakaendesha polepole kwenye uwanja, na kila mara wakapima mshazari upya. Kila Jumamosi sasa wanaosha matope na kutazama viungo. Mstari mwembamba wa kutu kando ya mchomeleo ni onyo. Ukiuona, pikipiki inalala.

Na sheria

Kubadilisha chombo kunagusa usajili na bima. Ulizeni NTSA na kampuni yenu ya bima kabla ya kukata chuma, si baada ya ajali. Pia tunajua baadhi yenu wanarefusha ili kiti kikae watu watatu. Hapana. Tangu mwaka 2012 sheria imesema pikipiki hubeba abiria mmoja tu, na mkono mrefu haubadilishi hilo. Umesikia hesabu ya springi.

Neno letu la mwisho

Hatujaja kuwavunja moyo. Vijana wale hawakwenda shule ya ufundi, na leo mkono wao unafanya kazi. Tofauti ya mara ya kwanza na ya pili haikuwa akili. Mara ya kwanza kila mtu alimwachia mwenzake kuuliza. Mweka hazina alidhani fundi anajua, fundi alidhani dereva ataangalia, na sisi tukadhani sahihi yetu ni ya pesa tu. Sasa katika kikundi kile kuna daftari, na pikipiki haitoki mpaka watu wawili waandike kwamba wamekagua. Mmoja wao hutoka upande wa akina mama waliokopesha.

Deni la zamani halijaisha. Na yule kijana bado anauliza nani alipaswa kulipa hospitali. Hatujampa jibu la kumridhisha, ndiyo maana tunawaletea ninyi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Je, katika kikundi chetu, ni nani anakagua kazi ya fundi kabla haijapakwa rangi?

2. Kikundi kikikopesha pesa za chombo, je, kina haki ya kusimamisha chombo hicho kisitoke?

3. Mwanachama akiumia kwa kazi ya kikundi, gharama ni ya nani? Je, tumeandika popote?

4. Ni mzigo gani tunaubeba vibaya leo ambao tungeweza kuurekebisha bila kukata chuma?

Tukutane kwenye majadiliano.