Siku ya Kuuguza Nayo Ihesabiwe

Msimu wa mavuno, malori yanapojipanga Kibaigwa kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, soko la mahindi humpa riziki karibu kila mwenye nguvu: wabeba mizigo, washona magunia, kina mama wa kupepeta, mama ntilie. Anayekosa ni aliyebaki nyumbani kumgeuza mzazi aliyepooza. Huyo msimu wake haufiki.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema msingi wa matunzo ya mzee ni familia. Sawa, na mila zetu ndivyo zisemavyo. Lakini saa nane usiku familia ni nani? Mara nyingi ni binti mmoja, au mkamwana, na hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Serikali ilimwachia kazi, hela ya sabuni haikumwachia.

Wenzetu Zanzibar walianza pensheni jamii mwaka 2016: aliyetimiza miaka 70 akapewa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikafika 50,000. Si mshahara wa anayeuguza, ila zinaingia kwenye nyumba anamouguzia. Huku Bara, zaidi ya miaka 20 tangu sera ile, pensheni ya wazee wote bado inazungumzwa kwenye semina.

Mtaniambia TASAF ipo, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Ipo, na imezivusha kaya nyingi. Ila ziangalieni zile ajira zake za muda. Kaya maskini yenye mtu wa kufanya kazi hupangiwa siku za kuchimba lambo au kutengeneza barabara, kisha hulipwa. Sasa kama mwenye nguvu pekee ndiye huyohuyo anayeuguza? Akienda lamboni, mgonjwa anashinda na kiu. Asipoenda, siku yake haiandikwi.

Mimi ningeanzia hapohapo, bila kungoja sera nyingine iandikwe: siku ya kuuguza iandikwe kuwa siku ya kazi, ilipwe kama ya lambo. Orodha haitakuwa taabu. Mwenyekiti wa kitongoji anajua nani amelala ndani na nani anamlisha. Ofisa ustawi wa jamii apewe mafuta ya pikipiki akahakiki.

Watu watadanganya, najua mtasema. Kwani lamboni hakuna anayeitika jina asubuhi na saa nne haonekani? Hatukulifuta lambo kwa ajili yake. Tulimweka msimamizi.